Kunde ya Kumi

Hamjambo wenyewe, mlioketi na mliosimama. Nawasalimu mmoja mmoja, na kama nimekuruka jihesabu umesalimiwa. Sasa naomba utulivu. Mwenye kukohoa akohoe kabisa, amalize. Mwenye mtoto ampe titi. Na wewe unayetafuna karanga huko nyuma, tafuna polepole, maana maneno ya hekaya hii nimeyaokota moja moja na sitaki hata moja lianguke chini.

Hapo zamani palikuwa na mji ukiitwa Kisarazi, na mji huo ulikuwa na sultani, jina lake Mwinyimvua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kushika jambo. Akishika jambo leo, mji mzima utalishika kesho, na keshokutwa yeye atakuwa ameshika jingine. Mwaka mmoja alishika kwamba paka wa mji wamezidi, akaamuru wahesabiwe, ikawa watu wazima na ndevu zao wanatambaa juu ya mapaa wakiita nyau. Mwaka huo watu wanauita mwaka wa paka mpaka leo.

Basi katika jumba la Sultani palikuwa na mwanamke mmoja wa makamo, akiitwa Mize, kazi yake kuteka maji, kufagia ua, kutwanga mpunga na kusugua masufuria. Mize hakuwa na kitu. Alikuwa na kanga mbili, mchi uliopasuka, na mama yake, Bi Mwanamkuu, ambaye miguu ilikuwa imekataa kumchukua tangu huo mwaka wa paka. Alikuwa na kitu cha nne pia, nacho ni kusoma. Alijifunza ukubwani, mvi zimeshaanza kuchungulia, kwa mwalimu mmoja wa chuo ambaye yeye Mize alikuwa akimfulia nguo. Kanzu moja herufi moja, ndivyo walivyopatana. Ndiyo maana Mize alikuwa hapiti karatasi bila kuisoma, hata iliyofungiwa bizari. Alisoma kwa kidole, taratibu, neno mpaka mwisho wake, kwa kuwa kila herufi aliikumbuka ilimgharimu kanzu ipi, na ile ya mwalimu yenye doa la mafuta ya samli ndiyo iliyomchosha kuliko zote.

Mwanamke huyo alikuwa na mpango wake. Maji aliyateka alfajiri, kabla jua halijawa kali, kwa kuwa mtungi wa asubuhi ni mwepesi kuliko wa saa nne. Ua aliufagia upepo unakotoka kwenda unakokwenda, ili upepo nao usaidie. Na akimaliza kutwanga alikuwa anakaa chini, mgongo ukutani, miguu kainyoosha mbele, hata aitwe na nani haondoki mpaka jasho likauke. Wenzake walimwona mvivu.

Siku moja Sultani akachungulia dirishani akamwona amekaa vile, akaagiza aletwe.

"Mbona umekaa, ewe mwanamke, na kazi haijesha?"

"Naweka akiba, bwana wangu."

"Akiba ya nini?"

"Ya nguvu. Nguvu zangu kwa siku ni kama kunde kumi kwenye kiganja. Maji yanakula mbili, ufagio mbili, kinu kinakula tatu, masufuria mbili. Inabaki moja, na hiyo ndiyo ninayorudi nayo kwa mama yangu. Namwogesha, namlisha uji, namchana nywele. Nikiitumia hapa, mama analala na njaa na kichwa chake kama kiota cha kunguru."

Sasa, ilikuwa asubuhi ileile waziri wa hazina, Badawi, amemwambia Sultani kwamba hazina ni tupu, kwa sababu jumba linatoa zaidi ya linachoingiza, na nyumba yoyote inayokwenda hivyo inaanguka. Sultani alikuwa tangu hapo anatafuta kitu cha kuweka akiba na hakukiona. Basi aliposikia kunde kumi, akasikia na akiba, masikio yakaziba hapohapo; habari za mama na uji hazikuingia. Akamwambia Badawi alete kalamu.

Kesho yake amri ikabandikwa mlangoni pa jumba, karatasi pana kama mkeka wa mtoto. Mpiga mbiu akaitangaza, watu wakasikia wakaenda zao. Mize akabaki. Akaweka kidole akaisoma yote, akarudi juu akaisoma tena. Ilisema kwamba nguvu za watu wa Kisarazi tangu leo ni mali ya hazina. Kila mtu atapewa kunde kumi asubuhi. Kila kazi ina bei yake ya kunde, na bei ziko katika daftari la Waziri. Kunde itakayobaki jioni irudishwe, iingizwe chunguni, iwe akiba. Na mwisho kabisa palikuwa na mstari mdogo: nguvu zote ni kunde, na pasipo kunde hapana nguvu.

"Kumbe nilikuwa nasema nini mbele ya mtu mkubwa," Mize akajiambia, akaenda kuteka maji.

Mwanzoni watu walicheka. Kunde moja ni kitu gani, mpe bwana kunde yake. Lakini daftari la Badawi lilikuwa linanenepa kila siku. Kupanda ngazi kukawa na bei. Kubeba mtoto mgongoni kunde mbili, mtoto akilia tatu. Salamu ndefu nusu kunde, ikawa watu wakikutana njiani mmoja anasema "Hu?" na mwenzake anasema "Mm," wanapita. Wenye kununa walinuna bila gharama, kwa kuwa Badawi alikuwa bado hajafika kwenye kununa. Mke na mume wakianza kugombana, katikati ya maneno mmoja anapekua mkunjo wa nguo anakuta kunde zimekwisha, anasema haya, tuishie hapo, kesho tutaendelea uliponiita mbwa. Na kesho yake asubuhi kabla ya chai wanaendelea palepale. Muuza samaki mmoja aliishiwa kunde akiwa ameinua kikapu, akabaki amekiinua mpaka akaja ndugu yake kumkopesha moja, na hiyo moja ilipasuliwa kwa meno katikati, nusu ya kushushia kikapu na nusu ya kumshukuru ndugu.

Hayo yote Mize aliyaona akacheka na wenzake. Kilichomkausha kicheko ni Badawi alipokaa na daftari lake akafikiri hatua moja zaidi. Alisema hivi: mtu akirudisha kunde jioni, amerudisha na nguvu yake. Basi akionekana nyumbani kwake anafanya kazi, hiyo nguvu kaitoa wapi? Ni ya hazina. Ni mwizi.

Ikawa magharibi inapoingia, watu wa Kisarazi wanakaa mbele ya majiko baridi wakitazamana. Wenye afya walivumilia. Lakini Bi Mwanamkuu hakuwa mtu wa kuvumilia jiko baridi; asipolishwa hali, asipogeuzwa anaanza kuchubuka mgongo, na nywele zake zilikuwa laini, zikikaa siku mbili zinasokotana.

Siku ya kwanza Mize alikwenda kwa mtunza chungu akarudisha kunde yake ya kumi, na alipoona chungu kilivyo akamwambia yule mtunza, kaka yangu, hizi hamjazitia majivu. Kila aliyekua katika nyumba yenye jiko anajua kwamba kunde za kuweka huchanganywa na majivu, usipofanya hivyo fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa nafaka, wanaingia wanakula kila kitu. Yule mtunza akasema yeye ameshasema hivyo, Waziri amemfokea. Waziri amesema hizi si kunde, ni nguvu za serikali, na nguvu za serikali hazipakwi majivu. Mize akamtazama, naye akamtazama, kila mmoja akabana kicheko chake kwa kuwa kucheka kulikuwa robo kunde.

Basi akaenda nyumbani, akafunga mlango wa ua, akamwogesha mama yake, akamlisha, akamchana. Kesho yake vilevile. Siku kumi na moja.

Jioni ya kumi na moja Badawi mwenyewe alikuwa anapita mitaani na daftari kwapani akisikiliza. Mbele ya ua wa Mize akasikia sauti ya kitana kikipita kwenye nywele. Akatenga makuti akachungulia, akaona mkono unapanda na kushuka, na Bi Mwanamkuu kafumba macho kama paka aliyeshiba. Akahesabu: mipando arobaini na mishuko arobaini. Akaandika.

Asubuhi Mize akasimamishwa barazani. Badawi akasoma hesabu yake yote, siku kumi na moja, uji kiasi hiki, maji kiasi hiki, kitana kiasi hiki. Sultani akasikitika kwa dhati, maana yeye Mize alimpenda kwa lile wazo, akamwuliza kwa nini ameiibia hazina.

"Sikuiba, bwana wangu. Kunde yangu nilirudisha kila siku. Imo chunguni, mtunza ataniambia kama siyo."

"Kunde umerudisha," akasema Badawi, "nguvu umebaki nayo. Hilo ndilo la ajabu na ndilo la wizi. Bwana mkubwa, mwanamke huyu ana nguvu ameificha mahali."

Baraza lote likamtazama Mize kama linatafuta ameifutika wapi. Mize akainamisha kichwa; neno lile la Waziri alikuwa ameshalitia kwenye mkunjo wa kanga, na alitaka lipate muda wa kukomaa.

Sasa ilikuwa imebaki siku nne aje mgeni mkubwa, mfalme wa ng'ambo ya mto, na watu wake arobaini, kuja kuona ile akiba ya nguvu iliyokuwa imevuma mpaka kwao. Sultani akashika jambo jipya papo hapo. Akasema Mize atasamehewa. Siku ya dhifa atapewa akiba yote ya mji, vyungu sita, maelfu ya kunde, na kwa nguvu hiyo atafanya kazi ya jumba zima peke yake: maji, ua, kinu, nyama, wali wa watu arobaini. Mgeni aone mwanamke mmoja wa Kisarazi anavyofanya kazi ya watu hamsini bila kutweta. Lakini adhuhuri ikifika na chakula hakijawa tayari, basi itajulikana kwamba amekula nguvu za serikali, na atavushwa mto asirudi. Mama yake, kwa kuwa hatembei, atabaki. Hazina itamtunza.

Mize akauliza hazina itamtunza kwa kunde ngapi.

Badawi akafungua daftari, akapitisha kidole. "Asiyefanya kazi hana bei," akasema. "Hapana kitu."

Mize akamwona kwa akili mama yake kwenye kitanda chake cha kamba, anageuza shingo kila mlango ukigongwa, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Nimekubali, bwana wangu. Naomba moja tu. Hukumu yangu iandikwe, nami niisome."

Watu wa baraza wakacheka, mtwangaji anataka kusoma. Sultani akasema mwandikieni. Badawi akaandika, akampa. Mize akaweka kidole akapita neno kwa neno, nao wakangoja, maana alikuwa hakimbizwi.

"Hapa pameandikwa kazi yote itafanywa kwa nguvu za kunde hizo," akasema. "Naomba paongezwe: wala si kwa nguvu nyingine yoyote. Nisije nikaonekana nimeiba tena."

Badawi akaona mwizi amejifunga kamba mwenyewe. Akaongeza kwa furaha, kwa wino mwingi, Sultani akatia muhuri. Mize akaikunja karatasi akaitia kifuani.

Jioni ile mama yake alimwuliza kuna nini, mbona kitana kinapita palepale. Mize akasema hakuna neno, mama, mkono umechoka. Bi Mwanamkuu akasema basi uache. Mize hakuacha.

Siku ya dhifa ikafika. Vyungu sita vikatolewa uani vikapangwa mstari, na kando yake ufagio, mitungi, kinu na mchi, masufuria, kuni, jiko la mafiga matatu, gunia la mpunga na mbuzi watatu wamefungwa kambani. Badawi akafungua vyungu bila kuchungulia, akasimama penye cha mwisho mstarini, akasema haya, nguvu hizo, anza. Mize akasema ili aanze inabidi ainuke, na kuinuka ni nusu kunde. Badawi akampa. Akasema na kuhesabu je, na kuinama je. Badawi akampa mbili nyingine, akakasirika, akaenda kumpokea mgeni.

Basi Mize akafanya kazi yake. Akachukua kunde mbili za chungu hicho cha mwisho akaziweka juu ya ufagio. Akachukua tatu akaziweka ndani ya kinu. Kwenye kila mtungi moja. Kwenye mafiga akaweka nne, kwa kuwa kuwasha moto na kupika ni kazi nzito. Mbuzi wa kwanza akamwekea zake mbele ya pua, mbuzi akazila. Mize akampa nyingine, mbuzi akala. Akaona huyu naye ana mahesabu yake, akamwacha. Alipomaliza akakaa chini, mgongo ukutani, miguu kainyoosha mbele, mikono juu ya mapaja, akangoja.

Jua likapanda. Watu wakaja kuchungulia, wakaondoka, wakaleta wengine. Mpishi mkuu alipita akamwambia kwa sauti ya chini, dada, nikuwashie moto hata kidogo? Mize akamwambia ahsante kaka, usiniponze, imeandikwa si kwa nguvu nyingine yoyote. Saa tano ikapita. Moyo wa Mize ulikuwa unapiga kama mchi, lakini kupiga kwa moyo hakumo daftarini, akauacha upige.

Adhuhuri Sultani akaingia uani ameshikana mkono na mgeni wake, nyuma yao wale arobaini na matumbo yao matupu, na Badawi na daftari. Sultani alikuwa njia nzima anamsimulia mgeni habari za akiba. Akasimama. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na harufu ya wali. Palikuwa na mwanamke amekaa na mbuzi mmoja anacheua.

"Mize."

"Bee, bwana wangu."

"Chakula kiko wapi?"

"Nami nakingoja, bwana. Nimelipa tangu asubuhi."

"Umelipa nini?"

"Ufagio nimeulipa mbili, ndizo zile juu yake. Kinu tatu. Mafiga nne. Bei zote ni za daftari, sikupunja hata kidogo. Lakini naona ufagio haujainuka. Labda bwana Waziri auamuru, mimi si mtu wa cheo."

Mgeni akageuka akautazama ufagio. Akamtazama na mwenyeji wake. Uso wa Sultani ukaanza kuwiva.

"Mwanamke huyu anatudhihaki," akasema Badawi. "Ni wewe ufanye kazi. Wewe."

"Kwa mikono hii?"

"Kwa mikono hiyo."

Mize akatoa karatasi kifuani akaikunjua, akaweka kidole. Akasoma kwa sauti, polepole, uwanja mzima ukisikiliza: kwa nguvu za kunde hizo, wala si kwa nguvu nyingine yoyote. "Mikono hii ina nguvu yake, bwana Waziri, si ile ya chunguni. Nikiinua ufagio nitakuwa nimeiba. Muhuri wa bwana mkubwa huu hapa."

"Lakini kunde haina mikono," akasema Badawi, na sauti ikampanda. "Kunde haifagii. Kunde ni kunde tu. Mtoto mchanga anajua."

Mize akainama mbele kidogo, lile neno la siku nne sasa limewiva.

"Kama kunde ni kunde tu, bwana Waziri, basi siku zile kumi na moja niliiba nini?"

Badawi akafungua daftari. Akafungua ukurasa mwingine. Akalifunga.

"Nilipomchana mama yangu," Mize akasema, na sasa alikuwa anamwambia Sultani, "kunde ilikuwa chunguni kwenu, na mkono ulikuwa begani kwangu. Kila jioni ulikuwa begani kwangu. Sikujua namna ya kuuacha hapa nirudi nyumbani bila ya huo. Mimi nilikwambia ni kama kunde, bwana wangu, ili uelewe mtu anavyokwisha. Wewe ukachukua kunde, na mtu ukamwacha pale."

Yule mgeni, ambaye alikuwa mzee wa miaka mingi na njaa yake kubwa, akatia mkono kwenye chungu cha kwanza achote ile nguvu iliyomvusha mto. Kilichotoka kilikuwa unga na maganda yenye matundu, na juu ya kiganja chake mdudu mmoja mweusi akawa anatembea bila haraka.

"Na huyu," mgeni akauliza, "yumo daftarini?"

"Huyo, bwana, ndiye peke yake aliyefanya kazi tangu asubuhi," akasema Mize. "Ndiye aliyekula nguvu za serikali. Kama ni kuvushwa mto, avushwe yeye."

Mgeni akaanza kucheka. Alicheka akashika tumbo, wale arobaini nao wakacheka, na watu wa Kisarazi waliokuwa wamejaza ukuta wakatazamana, wakakumbuka ni robo kunde, kisha wakacheka kicheko cha mwezi mzima, bila kulipa. Sultani Mwinyimvua alisimama katikati yao, uso mwekundu kama pilipili, akageuka huku hana pa kuangalia, akageuka kule hana. Mwisho macho yakaangukia yule mbuzi, ambaye alikuwa anavuta kamba kuzifikia kunde za juu ya ufagio. Ndipo na yeye kicheko kikamtoka. Alicheka mpaka kilemba kikalala upande.

Alipotulia akaamuru ile karatasi ya mlangoni ichanwe. Mize akamwomba isichanwe, karatasi ni ghali, ina mgongo mzuri mweupe; igeuzwe iandikwe huko. Sultani akamwuliza iandikwe nini. Mize akafikiri, kisha akasema: mchana, kazi za jumba; jioni, kila mtu na kwake. Likaandikwa hilo tu. Wapo waliosema ni fupi mno kuwa amri, lakini Mize aliisoma mara mbili kwa kidole akaona haina mstari mdogo wa chini.

Ikabaki habari ya chakula. Wapishi wote wakaitwa, wachotaji, wachanja kuni, na uani pakawa na moshi. Mpunga ulikuwepo, mbuzi wawili walikuwepo, yule mla kunde alisamehewa kwa sababu ya akili yake. Pakatakiwa na kunde za kuchanganya, na katika vyungu sita kulikuwa na chungu kimoja, kile cha mwisho mstarini, ambamo fukusi walikuwa hawajamaliza. Zilitakiwa kuchambuliwa, nzuri huku, mbovu huku. Sultani, kwa sababu alikuwa bado ana haya mbele ya mgeni, akasema kazi hiyo wataifanya yeye na Badawi.

Wakaletewa nyungo kumi kila mmoja, wakakaa chini kwenye mkeka. Mize akawaonyesha namna ya kupepeta na kurusha. Sultani alipeperusha za kwanza zote kifuani mwake. Akaanza tena. Macho yakamwuma, kiuno kikamkaza, mguu mmoja ukafa ganzi, akahamia mwingine nao ukafa. Mwisho wa ungo wa kwanza alijinyoosha, mgongo ukalia kama mlango wa zamani.

"Mize," akasema, "kuchambua ungo mmoja, daftarini ni kunde ngapi?"

"Robo, bwana wangu."

Sultani akautazama ungo. Akaitazama mikono yake.

"Robo."

"Robo, bwana."

Sultani akageuza shingo taratibu, maana kwa haraka haikugeuka. "Badawi," akasema, "ni nani aliyeandika robo?"

Badawi alikuwa hana nafasi ya kujibu. Alikuwa bado ana nyungo tisa mbele yake, na kwa jinsi Sultani alivyomtazama, zilikuwa karibu kuwa kumi na tisa.

Sultani akamwuliza Mize anataka zawadi gani. Mize akasema anataka kibaba kimoja cha kunde nzima, na majivu ya kutosha. Akapewa vibaba vinne, na mchi mpya wa mninga, na Sultani akatia neno kwamba mwanamke akikaa chini mgongo ukutani asiulizwe.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa Mize alipofika nyumbani. Bi Mwanamkuu akageuza shingo aliposikia mlango, akauliza ni nani anayekuja saa hizi. Mize akasema ni mimi, mama. Akabandika kunde jikoni, akamwogesha kwa maji ya uvuguvugu, akamkalisha akamweka kati ya magoti yake, akashika kitana. Kikapita taratibu, kikarudi, mama akafumba macho.

"Leo una nguvu, mwanangu," akasema Bi Mwanamkuu.

"Nimekaa kutwa nzima, mama."

Hapo ndipo walipo, nami siwezi kuwatazama zaidi, watu wanapochanana nywele si vizuri kuwakodolea macho. Nainuka. Nina sufuria ya ugali nyumbani tangu asubuhi imelowekwa, na kunde yangu ya mwisho nimeiwekea hiyo. Nikishaisugua nitakaa chini, mgongo ukutani, na jasho likikauka nitarudi kwenu hapahapa. Msinikalie mahali pangu.